Salfa Inakuja, Bustani Haikutajwa

Habari ya salfa ya mikorosho umekwisha kuisikia. Wiki nzima imekuwa mazungumzo ya Nandagala, ya Ruangwa mjini na ya Nachingwea: mifuko mingapi, nani yumo kwenye daftari, chama kipi cha ushirika (AMCOS) kitaanza kugawa. Hatuna ugomvi na salfa. Mkorosho usiopulizwa hushikwa na ubwiriunga, maua yakanyauka, na nyumba ikakosa ada na bati. Kinachoisumbua redio hii ni kile ambacho hakikutajwa. Bustani ya nyumbani haikutajwa. Kila msimu wa pembejeo ukifika tunahesabiwa mikorosho, tunahesabiwa ekari za ufuta na mbaazi, lakini lile eneo dogo nyuma ya jiko, ambalo mama analilima kwa jembe na ndoo, halimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Tuchukue zao moja tu, pilipili hoho, maana ndilo linalodhaniwa kuwa si la kwetu. Utaambiwa hoho ni ya Lushoto, ni ya watu wa baridi, na huku kwetu jua litaiua. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Hoho hustawi vizuri zaidi kwenye nyuzi kati ya 20 na 25. Joto la mchana likipita nyuzi 32, na usiku nao ukabaki na fukuto, ua linakatika kwenye kikonyo kabla halijashika tunda. Asubuhi unayakuta maua meupe yamelala juu ya udongo, na mche wenyewe umesimama mzima, majani ya kijani kabisa. Mkulima aliyepanda hoho ikachanua Novemba ameyaona hayo na akaapa kutorudia. Lakini baridi kali nayo haiipendi. Njombe, mwezi Juni na Julai, sakitu ikishuka usiku, mche wa hoho ulio wazi hauponi. Kwa hiyo zao hili halitaki baridi ya Njombe wala joto letu la Novemba. Linataka kipupwe, na kipupwe tunacho. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wetu hushuka chini ya nyuzi 20 na mchana hauchomi. Tatizo letu ni kalenda, na kalenda hufundishwa na bwana shamba, na bwana shamba wiki hii ametumwa kwenye salfa.

Kalenda yenyewe ni fupi. Mbegu ikiingia kitaluni sasa, katikati ya Mei, huota kwa siku 8 hadi 10 ikifunikwa nyasi kavu kuzuia ubaridi wa usiku, na nyasi hizo huondolewa mara miche inapochungulia. Baada ya wiki 6 hadi 8 inahamishwa, nusu mita kati ya shina na shina, kwenye shimo lenye samadi iliyooza. Maua yatakuja Agosti, usiku ungali na ubaridi, na Septemba hoho zinachumwa. Anayechelewa mpaka Julai ndipo atafute mbegu, maua yake yatakutana na joto.

Wapo watakaosema hoho ni mboga ya hoteli, sisi tuna kisamvu, kunde na mlenda. Hoja hiyo tunaiheshimu, na jibu lake limo humo humo kwenye kisamvu. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na kunde mwili huyachukua kwa shida, na vitamini C huurahisishia kazi hiyo. Hoho ina vitamini C kwa wingi, na ile iliyoachwa shambani wiki mbili tatu zaidi hadi ikawa nyekundu huizidi ya kijani. Ikatwe kwenye kachumbari, au itiwe chunguni dakika za mwisho, maana moto mrefu huiharibu. Utafiti wa taifa wa 2015 na 2016 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Ule wa 2022 ukakuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Taifa lenye takwimu hizo linaiachaje bustani ya nyumbani bila kuitaja?

Hoja ya maji ni nzito zaidi, na hatutaipuuza. Kiangazi chetu ni kirefu na foleni ya kisimani inajulikana. Lakini hatusemi ekari. Tunasema mashina 10. Ndoo moja ya lita 20, jioni, inayatosha kama udongo umetandazwa nyasi, na sehemu ya maji hayo inaweza kuwa yaliyosuuziwa mboga na mchele. Muhimu yasiwe ya leo mengi na kesho hakuna, kwani umwagiliaji wa namna hiyo ndio unaoleta kile kidonda cha kahawia kilichobonyea kwenye kitako cha tunda, ambacho wengi hukidhania ugonjwa na kukimbilia dawa. Mbuzi na kuku wanazuiwa kwa uzio wa mianzi. Na pasiwe mahali palipotoka nyanya au bilinganya, kwa sababu mnyauko wa bakteria hukaa kwenye udongo ukisubiri ndugu za mazao hayo.

Nachingwea inajua maana ya kutegemea mipango mikubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa kulima karanga kwa matrekta, na 1951 mpango ukafutwa, mvua na udongo vikiwa vimekataa hesabu za London. Mwaka 2018 wakulima wa korosho waligomea bei ndogo ya wanunuzi, na Novemba Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na mwenye korosho ghalani akabaki akisubiri. Hoho haitalipa ada ya shule, na hatusemi mtu aache mkorosho. Tunasema chungu cha nyumbani kisingoje mnada.

Basi, wakubwa wa halmashauri, gari la salfa bado liko njiani: wekeni humo pakiti ndogo za mbegu za hoho, zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu. Viongozi wa AMCOS, siku ya kugawa salfa mpeni bwana shamba nusu saa, aonyeshe kitalu, na kina mama waitwe kwa jina, wasisimame nyuma ya foleni. Nanyi kina mama wa Nandagala, msingoje kutajwa! Chimbeni kitalu wiki hii, karibu na jiko, mita moja kwa mita moja inatosha. Mei haijaisha.