Kichupa cha Kingamwili na Damu Isiyoganda

(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani kwenye mkutano wetu wa mwaka, Tukuyu)



Kamati imenipa dakika 15 nieleze kazi yangu ya maabara. Nitaeleza kitu kimoja tu, nacho ni kichupa hiki. Kilipokuwa kimejaa kilikuwa na matone mawili hivi ya kingamwili, kitu tunachotumia kutafuta protini moja ya kugandisha damu ya binadamu.

Watu wa Rungwe hatuhitaji kufundishwa kuganda. Maziwa yakikaa kwenye kibuyu huwa mtindi, wala hakuna anayestaajabu. Damu nayo huganda, ila njia yake ni ndefu. Katika maji ya damu, yaani plazima, zimo protini ambazo wataalamu wamezipa namba za Kirumi, I hadi XIII. (Namba VI ilifutwa, msihangaike kuitafuta.) Ukijikata panga kwenye migomba, moja huiamsha nyingine, na hiyo nyingine tena, mpaka namba I igeuke nyuzinyuzi na kuziba jeraha. Mmoja akilala katikati ya mlolongo, damu huendelea kutoka.

Mimi nilishughulika na namba IX. Mwaka 1952 madaktari wa Uingereza waliandika habari za mtoto wa miaka mitano, Stephen Christmas, ambaye alikuwa na himofilia lakini si ile iliyozoeleka. Ugonjwa ukapewa jina lake. Mwenyewe alifariki mwaka 1993 kwa UKIMWI alioupata katika damu aliyotiwa.

Sasa kingamwili. Sungura akidungwa protini safi ya binadamu, mwili wake huiona ni mgeni na kutoa askari wa kuikamata. Mwaka 1975 Köhler na Milstein, huko Cambridge, waliunganisha chembe ya panya na chembe ya saratani, wakapata askari wa aina moja tu, tena wasiokwisha. Mwaka 1984 walishiriki Tuzo ya Nobel. Askari hao tunawafungia kitu cha kutoa rangi. Wakimkuta wanayemtafuta, mstari hutokea. Ni kazi nzuri ajabu, na mimi nililewa nayo.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa kijana katika maabara moja ya utafiti mjini Dar es Salaam. Dada yangu akaja kutoka huku nyumbani na mwanawe wa kiume. Alikuwa ameng'olewa jino akatoka damu siku tatu, na goti lilikuwa likivimba bila sababu. Mama yetu alikumbuka kwamba kaka yake mwenyewe alikufa mdogo kwa kutoka damu. Hapo ningepaswa kushtuka, maana ugonjwa huu hupita kwa akina mama na kuwapata watoto wa kiume. Badala yake nilichukua damu ya mpwa wangu, nikaipima usiku kwa kingamwili, bila kumwambia mkubwa wangu. Mstari ukatokea, mweusi kama wa mtu mzima wa afya. Nikamwambia dada, "Protini anayo. Rudini nyumbani."

Baada ya miezi miwili alianguka kutoka kwenye mparachichi. Nyonga ilijaa damu, akabebwa kwenye basi zaidi ya kilomita 800, analia njia nzima. Safari hii alipimwa inavyotakiwa: plazima yake ilichanganywa na plazima isiyo na namba IX, wakahesabu sekunde mpaka igande. Sekunde zilipita nyingi mno. Nguvu ya namba IX yake haikufika hata moja kwa mia.

Mtauliza, mbona mstari ulitokea? Vijana, mwalimu wa zamu anapohesabu vichwa darasani huwaona wote 40. Hajui nani analala macho wazi. Kingamwili hutambua umbo la protini, pengine kipande chake kidogo tu, na haiulizi kama inafanya kazi. Protini ya mpwa wangu ilikuwepo, ila imeharibika mahali padogo. Tena kwenye kichupa paliandikwa wazi: kwa utafiti tu, si kwa kupima wagonjwa. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mara mia, nikidhani ni ya kuwalinda wauzaji.

Mpwa wangu ni mtu mzima sasa, anachechemea mguu wa kushoto, na ameniruhusu niseme haya. Dada hakuniambia neno baya. Ingekuwa rahisi kama angesema.

Ninyi wa mchepuo wa sayansi, hapahapa Tukuyu kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ombeni kwenda kuona watu wanavyofanya kazi. Na siku hizi Muhimbili wana kliniki ya himofilia, jambo ambalo sisi hatukuwa nalo.

Kichupa hiki kitupu nakizungusha, mkisome maandishi yake, kisha kirudi kwangu. Kama yupo kijana hapa ambaye kidonda chake huchukua siku kukauka damu, au ambaye mjomba wake alifariki hivyo, asinyooshe mkono. Nitakuwa nyuma ya bwalo mpaka saa kumi.