Jezi ya Jirani: Safari ya Ekipe ya Afrika ya Kusini katika Kombe la Dunia la Ragbi, 1995

(Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyochapwa kwa ajili ya familia zilizokimbia vita na viongozi wa mahali)

 Wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu huna redio, karibu, keti nasi. Kama jirani yako hajui kusoma, umsomee kwa sauti.

Leo tutazungumza juu ya mpira. Si mpira wa miguu, ule uliotufanya tushangilie mwaka 1974, Leopards walipochukua Kombe la Afrika na kwenda Ujerumani ya Magharibi, na hakuna aliyemwuliza mchezaji kabila lake. Leo ni mpira wa ragbi, na ekipe ni ya Afrika ya Kusini. Labda utasema: "Sisi tuna shida ya maji, ya unga, ya mashamba tuliyoyaacha, nanyi mnatuletea habari za mchezo wa mbali?" Subiri kidogo, utaona kwamba habari hii inatuhusu.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Mpira wa ragbi si mviringo, una umbo kama papai. Kila upande una watu 15. Wanaubeba mikononi, wanakimbia nao, wanashikana na kuangushana. Mtu akiufikisha nyuma ya mstari wa wapinzani na kuugusisha chini, anapata pointi 5. Wanaweza pia kuupiga kwa mguu upite kati ya miti miwili ya goli, na mara nyingi pigo hilo ni pointi 3. Na kuna sheria moja ya kushangaza: ukitaka kumpa mwenzako mpira kwa mikono, sharti umpe aliye nyuma yako au kando yako, kamwe si aliye mbele. Ekipe haiwezi kwenda mbele bila kuwaangalia walio nyuma. Mashefu, shikeni neno hilo.

Sasa tuangalie nchi yenyewe. Tangu mwaka 1948 serikali ya wazungu wachache wa Afrika ya Kusini ilitawala kwa sheria za ubaguzi wa rangi. Watu weusi walifukuzwa katika mashamba na mitaa yao, wakapelekwa mahali walipochaguliwa na wengine. Ninyi mliolala njiani na watoto mnajua maana ya jambo hilo kuliko sisi tunaolisimulia. Ragbi ilikuwa mchezo wa wale waliotawala. Ekipe ya taifa ilivaa jezi ya kijani yenye picha ya swala, na kwa mtu mweusi jezi ile ilikuwa kama kofia ya askari aliyemfukuza baba yake shambani. Katika viwanja watu weusi walitengewa pembe yao, na kutoka pembe hiyo walishangilia wageni. Yeyote aliyekuja kuipiga ekipe ya swala, huyo alikuwa rafiki yao. Mataifa nayo yaliitenga nchi hiyo kwa sababu ya ubaguzi, hata haikucheza Kombe la Dunia la mwaka 1987 wala la mwaka 1991.

Mwaka 1994, baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wote, Nelson Mandela akawa Rais. Alikuwa amekaa gerezani miaka 27. Kombe la Dunia la mwaka 1995 lilipangwa kuchezwa nchini mwake. Wengi katika chama chake walitaka picha ya swala iondolewe kabisa, na walikuwa na sababu ya kutosha. Mandela akawasihi waiache. Alijua kwamba mtu aliyeshindwa, ukimnyang'anya na kile anachokipenda, anabaki na hofu, na hofu ndiyo inayomrudisha mtu kwenye bunduki. Alikuwa amejifunza lugha ya Kiafrikaans, lugha ya walinzi wake, alipokuwa gerezani. Mwezi wa sita mwaka 1994 alimwita Pretoria kapiteni wa ekipe, Francois Pienaar, wakanywa chai pamoja na kuzungumza.

Lakini angalia upande wa pili pia, maana amani haivuki mto kwa mtumbwi wa mtu mmoja. Wachezaji nao walifundishwa kuimba Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo wa mapambano ya watu weusi, katika lugha ambazo wengi wao hawakuzisema. Wakati wa mashindano walikwenda pia kisiwa cha Robben, wakaona chumba kidogo ambamo Mandela alifungwa. Mmoja alikubali jezi ya jirani, mwingine akajifunza wimbo wa jirani. Kila mmoja alitoa kitu kilichomgharimu.

Basi mashindano yakaanza. Ekipe zilikuwa 16. Tarehe 25 mwezi wa tano, mjini Cape Town, Afrika ya Kusini ilikutana na Australia, iliyokuwa bingwa wa dunia, ikaishinda 27 kwa 18. Siku tano baadaye ikaishinda Romania 21 kwa 8.

Tarehe 3 mwezi wa sita, mjini Port Elizabeth, ilicheza na Canada. Huko ikashinda 20 kwa 0, lakini mchezo uliharibika. Ngumi zilianza, mwamuzi akawatoa watu watatu, wawili wa Canada na mmoja wa Afrika ya Kusini. Baadaye mchezaji mwingine wa Afrika ya Kusini, Pieter Hendriks, naye akafungiwa. Kumbuka ngumi hizo, tutazirudia.

Nafasi ya Hendriks akaitwa Chester Williams, aliyekuwa ameachwa kwa sababu ya maumivu. Huyo alikuwa mchezaji pekee asiye mzungu katika ekipe ile. Tarehe 10, mjini Johannesburg, walicheza na Samoa ya Magharibi wakashinda 42 kwa 14, na Chester peke yake aliugusisha mpira chini mara nne. Watoto weusi walioichukia jezi ile wakaanza kutaja jina lake.

Siku moja kabla ya nusu fainali, tarehe 16, Mandela alikwenda Kwazulu, mahali ambapo watu weusi kwa watu weusi walikuwa wakiuana kwa ajili ya vyama. Alisimama mbele ya umati akiwa amevaa kofia ya swala, akawaambia kwamba anawaheshimu vijana watakaocheza na Ufaransa kesho yake. Alijua wengi hawakuipenda kofia ile. Kuvaa kofia hiyo mbele ya wazungu lilikuwa jambo rahisi. Yeye aliivaa mbele ya watu wake mwenyewe, ambao wangeweza kumlaumu.

Kesho yake, mjini Durban, mvua ilinyesha mpaka uwanja ukawa ziwa. Mchezo ulichelewa zaidi ya saa moja, na wanawake wakaingia na mifagio kuyasukuma maji. Hapa ndipo ngumi za Port Elizabeth zilipotaka kulipwa. Kanuni zilisema kwamba mchezo usipochezwa, itapita ekipe yenye mwenendo safi zaidi. Afrika ya Kusini ilikuwa imetolewa mtu kwa ugomvi, kwa hiyo Ufaransa ndiyo ingepita. Hasira ya dakika moja ilikaribia kuwaondoa wote. Maji yakapungua, mchezo ukachezwa, na Afrika ya Kusini ikashinda 19 kwa 15, huku Wafaransa wakizuiwa karibu kabisa na mstari katika dakika za mwisho.

Siku ya Posho, tarehe 24 mwezi wa sita 1995, ikawa fainali katika uwanja wa Ellis Park, Johannesburg. Wapinzani walikuwa New Zealand, ambao katika nusu fainali yao waliipiga Uingereza 45 kwa 29, na kijana wao Jonah Lomu, mtu mkubwa mwenye mbio, aliugusisha mpira chini mara nne. Uwanjani walikuwa watu zaidi ya 60,000, wengi wao wazungu. Kabla ya mchezo Mandela alitokea akiwa amevaa jezi ya kijani, na mgongoni namba 6, namba ya kapiteni Pienaar. Watu wale, ambao miaka michache nyuma wengi wao waliambiwa kwamba mtu huyu ni adui, wakaanza kuimba: "Nelson! Nelson!"

Mchezo ulikuwa mgumu. Lomu alishikwa kila alipopokea mpira. Hakuna upande ulioweza kuvuka mstari, pointi zote zilitoka kwa mguu. Dakika 80 zilipokwisha ilikuwa 9 kwa 9. Wakaongezewa muda. New Zealand ikatangulia 12 kwa 9, Afrika ya Kusini ikasawazisha. Zilipobaki dakika kama saba, Joel Stransky aliuangusha mpira chini, akaupiga ulipodunda, ukapita katikati ya miti: 15 kwa 12. Pointi zote 15 zilikuwa zake. Mandela alimkabidhi Pienaar kombe na kumshukuru kwa alichoifanyia nchi, na Pienaar akamjibu kwamba shukrani ni kwa Mandela. Alipoulizwa juu ya watu 60,000 waliowashangilia uwanjani, kapiteni alisema walikuwa na watu milioni 43, yaani nchi nzima.

Ndugu msikilizaji, labda umeuawa mtu wako, na moyoni unauliza: "Mnataka nivae jezi ya aliyechoma nyumba yangu?" Hapana. Hakuna mwenye haki ya kumlazimisha mjane apige makofi. Angalia mambo yalivyofuatana. Kwanza sheria mbaya zilifutwa. Kisha watu wote wakapiga kura. Ndipo jezi ikavaliwa. Na baada ya kombe, mwaka 1996, Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Askofu Desmond Tutu, ilianza kuwasikiliza hadharani walioumizwa, na waliotenda wakaja kusema walichotenda. Furaha ya uwanjani ilifungua mlango, lakini haikuchukua nafasi ya ukweli.

Wala siku moja haikuponya yote. Miaka kadhaa baadaye Chester Williams mwenyewe alisimulia kwamba baadhi ya wachezaji wenzake walimtukana kwa sababu ya rangi yake. Umaskini ulibaki mitaani. Ilichukua mpaka mwaka 2018 ekipe ile kupata kapiteni wa kwanza mweusi, Siya Kolisi, mtoto wa mtaa wa maskini aliyelelewa na nyanya yake. Mwaka 2019, huko Japani, aliinua kombe akiwa amevaa namba ileile 6, baada ya kuishinda Uingereza 32 kwa 12. Mwaka 2023 akaliinua tena Paris, walipoishinda New Zealand 12 kwa 11. Mbegu ya mwaka 1995 iliota polepole, kwa sababu watu hawakuacha kuimwagilia.

Na sisi Wakongomani? Wazee wanakumbuka kwamba mwezi wa tano mwaka 1997 Mandela alikuja mpaka Pointe-Noire, akawakutanisha Mobutu na Laurent-Désiré Kabila katika meli Outeniqua. Mwaka 2002 wajumbe wetu walikwenda kuongea Sun City, katika nchi hiyohiyo. Wageni wanaweza kutupa meza na viti. Lakini hawawezi kumsalimia jirani yako kwa niaba yako.

Kwa hiyo, viongozi, anzeni ninyi. Shefu akitaka vijana wake waheshimu kabila lingine, aseme hivyo mbele ya watu wake mwenyewe, si mbele ya wageni tu. Mahali ambapo vijana wanaunda ekipe ya mpira, msiweke kambi upande mmoja na kijiji upande mwingine. Changanyeni, kila ekipe iwe na watoto wa pande zote. Fundisheni vijana kwamba ngumi ya mmoja inalipwa na wote: kijana mmoja akiiba shambani mwa wenyeji, kambi nzima inachukiwa, mwenyeji mmoja akimtukana mama kisimani, kijiji kizima kinahesabiwa kibaya. Na palipotendwa ubaya, mpeni aliyeumizwa nafasi ya kusema mpaka amalize.

Jioni hii, mkiisha kula, ulizaneni maswali matatu. Ni kitu gani cha jirani zetu tunachokichukia, lakini wao wanakipenda kama moyo wao? Je, tunaweza kukiacha kiwepo bila kukidharau? Na wao, tungependa wajifunze nini kutoka kwetu, hata kama ni salamu tu? Baba amsikilize mama, na wakubwa wawasikilize vijana, maana mpira hauendi mbele asipopewa aliye nyuma.

 Kaeni kwa amani, na usiku uwe mwema.