Zombi Naye Ana Kwao



Leo nataka tuzungumze juu ya michezo ya video. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya watoto. Lakini mtoto huokota neno mchezoni akaja nalo barabarani, na neno hilo likamuumiza mtu.

Hivi karibuni pale Msata, inapokutana barabara ya Bagamoyo na ile itokayo Chalinze kwenda Segera, niliwasikia vijana wakimwita mwenzao "zombi". Kijana huyo ni teja. Alikuwa amejikunja, anasinzia wima juani. Wenzake wakacheka.

Basi tuitazame michezo yenyewe. Kampuni ya Techland ya Poland ilitengeneza Dead Island, uliotoka mwaka 2011. Mchezaji yuko kisiwani, anakwenda atakako, mkononi ana kasia au nyundo, anavunja vichwa vya mazombi. Yeye ugonjwa haumpati.

Mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ikaja na Dying Light. Humo shujaa, Kyle Crane, anang'atwa mara tu anapotua katika mji uliozingirwa. Tangu hapo anaishi kwa dozi ya dawa, na dawa hiyo ni adimu, watu wanaigombania. Katika mchezo wa pili, wa mwaka 2022, shujaa mwingine naye ameambukizwa pamoja na wakazi wa mji. Akikaa gizani mno anaanza kugeuka. Mwaka 2025, katika The Beast, Crane anarudi baada ya kufungiwa na kufanyiwa majaribio kwa miaka 13. Sasa ni nusu mtu, nusu mnyama.

Mnaona safari hiyo? Zombi ameanza kama adui asiye na jina, amefika mpaka mwilini mwa shujaa.

Wazee wetu walilijua hilo zamani. Katika masimulizi ya misukule, adui ni mchawi. Msukule ni mtoto wa fulani, aliyezikwa na kuliliwa, kumbe, wanasimulia, amefichwa, analishwa pumba na kulimishwa usiku. Ndugu zake wakisikia yu hai hawabebi nyundo. Wanataka arudi nyumbani. Hata zombi wa Haiti alitokana na hofu ya watumwa mashambani, kwamba kifo nacho hakitawapumzisha. Sisi wa njia ya Bagamoyo, walikopitishwa watumwa, hatupaswi kufundishwa hayo.

Mwaka ule ule wa 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini. Mgonjwa huenda kila siku, akanywa dozi yake mbele ya mhudumu, kisha akaendelea na shughuli zake. Ni dozi kama ya Crane, ila hii ni ya kweli, na ipo. Lakini nani ataifuata ikiwa mtaani ameshahesabiwa maiti?

Sisemi vibanda vya gemu vifungwe. Nasema mzazi, mwalimu na mwenye kibanda wawaulize vijana swali moja: shujaa wako naye ameambukizwa, na unahangaika usiku kucha kumtafutia dawa, huyu wa hapa kituoni umemtafutia nini?

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika.