Mashine Ikikataa Kuamka, Usikimbilie Kuizika
(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo nimeombwa niseme juu ya ile kompyuta ndogo ya ukumbini. Wengi wenu mmeiona. Ni ubao wa kijani unaotosha kwenye kiganja, jina lake Raspberry Pi, kazi ya Waingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Sisi tulinunua moja, aina ya 3, ya kuwekea hesabu za akiba na masomo ya watoto yasiyohitaji intaneti. Mimi si fundi. Diploma yangu ni ya kazi za jamii, na haya nitakayosema niliyajifunza baada ya kuchomeka vidole.

Asubuhi moja ilikataa kuwaka. Taa nyekundu iko sawa, ya kijani inapepesa, lakini kioo ni cheusi kama chungu. Tukaipeleka kwa fundi mjini. Aliitazama dakika moja tu, akasema imekufa, tununue nyingine. Bei aliyotaja ilikuwa michango yetu ya miezi mitatu, na mweka hazina alikuwa ameshaanza kuhesabu noti. Ndipo kijana wetu mmoja, aliyemaliza kidato cha nne, akaniuliza: “Mama, hiyo taa ya kijani inapepesa mara ngapi?” Tukahesabu. Mara 7, inanyamaza, halafu 7 tena.

Sasa mtaniuliza, kupepesa kuna maana gani? Hapa ndipo penye maneno yenyewe, tafadhali nisikilizeni polepole.

Kompyuta ikipata stima haijui kitu. Haijui kioo, haijui kibodi, wala haijui kusoma daftari yetu. Programu kubwa inayotawala kazi zote, ambayo mafundi huiita keneli, imelala ndani ya kadi ya kumbukumbu, kama ile ya simu. Lazima mtu aiamshe. Fikirieni nyumbani alfajiri. Anayeamka kwanza hapiki chakula cha watu wote. Anajua kiberiti kilipo, basi. Akishawasha moto ndipo anamwamsha wa pili, na huyo anawaamsha wengine. Programu hizi za kuamsha huitwa butiloda.

Katika Raspberry Pi 3 kazi inakwenda hivi. Ndani ya chipu kuna programu ndogo sana iliyochongwa humo kiwandani, haifutiki. Yenyewe inajua jambo moja: kutafuta kwenye kadi faili moja iitwayo bootcode.bin. Ikiipata inaikabidhi kazi. Hiyo nayo inatafuta start.elf. Start.elf inasoma maagizo yaliyo katika config.txt, kisha inatafuta keneli, ambayo kwa ubao huu kwa kawaida huitwa kernel7.img, au kernel8.img ikiwa mfumo ni ule wa biti 64. Pia inachukua karatasi ya kuieleza keneli ubao una vifaa gani, maana keneli hiyohiyo hutumika kwenye mbao za aina mbalimbali na haiwezi kubahatisha. Jambo lililonishangaza ni kwamba wakati huu wote kichwa kikuu cha kompyuta bado kimelala. Anayefanya kazi ni yule mwenzake wa kuchora picha kwenye kioo! Keneli ikishawekwa tayari ndipo kichwa kikuu kinaamshwa.

Mmeona? Kila mmoja anamjua anayemfuata tu. Mmoja akikosekana, msururu unakatika palepale, na taa ya kijani inasema umekatika wapi. Ikipepesa mara 4, start.elf haikuonekana. Mara 7, keneli haikuonekana. Ikipepesa mara 8, hapo kuna shida ya kumbukumbu ya ubao wenyewe, na hiyo ni habari mbaya kweli. Yetu ilikuwa 7. Maana yake ubao ni mzima, kadi inasomeka, na waamshaji wawili wa kwanza wamefanya kazi yao vizuri. Kilichokosekana ni faili moja.

Ilipotelea wapi? Usiku ule mashine ilikuwa ikijiongezea programu mpya, keneli mpya ikiwa mojawapo. Mtu akachomoa waya achaji simu. Simtaji, yuko hapa na ameshaomba msamaha. Kijana aliichukua kadi akaichomeka kwenye kompyuta ya shule. Sehemu ya kadi yenye faili hizo huandikwa kwa mtindo ambao karibu kompyuta yoyote inausoma, kwa hiyo zilionekana wazi. Akatoa nakala ya keneli kwenye kadi nyingine yenye toleo lilelile. Toleo lilelile, tafadhali, si la jirani tu. Jioni mashine ikaamka, hesabu zetu zote zimo. Hatukutumia hata shilingi.

Mbao nyingine hufanya tofauti kidogo. Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, inaweka mwamshaji wa pili kwenye chipu ya ubaoni badala ya kadi, na unaweza kuupangia utafute wapi kwanza: kadi, halafu diski ya USB, halafu urudie tena. Mbao nyingi nyingine, hata vile visanduku vya intaneti vya nyumbani, hutumia butiloda iitwayo U-Boot. Iliitwa jina hilo mwaka 2002, na aliyeianzisha ni Mjerumani Wolfgang Denk. U-Boot ina subira. Kwanza inahesabu sekunde chache, ikimpa fundi nafasi ya kuisimamisha. Asipotokea mtu inapiga hodi mlango mmoja mmoja kwa orodha iliyopewa: kadi, USB, mwisho hata mtandao. Katika kila mlango inatafuta karatasi ya maagizo inayosema keneli iko wapi. Ikikosa kote haifi, inakaa ikingoja amri. Lakini ukiitazama kwa nje utadhani imekufa.

Kuna jambo moja la U-Boot ambalo vikundi vya maji wangelishika. Inaweza kupangwa ihesabu ni mara ngapi imejaribu kuamsha keneli bila kufaulu, na ikifika kikomo iamshe keneli ya zamani. Kama kipima maji chenu kiko bondeni ambako fundi hafiki upesi, muulizeni muuzaji kabla ya kulipa: keneli ya zamani inahifadhiwa? Akianza kutazama pembeni, mmeshajua.

Na stima msiisahau. Mbao hizi zinataka volti 5 kamili, na waya mwembamba wa simu mara nyingi haufikishi. Sisi tuliutupa ule wetu.

Siku hizi tuna kadi ya pili yenye nakala ya kila kitu, anaishika mweka hazina pamoja na kitabu cha benki. Mashine ikikataa, tunahesabu taa, tunaandika, tunajaribu kadi ya pili. Ikiamka, shida ilikuwa kwenye kadi. Fundi akija, tunampa namba tuliyoiandika, na mazungumzo ya bei yanaanzia hapo.

Anayetaka kuziona faili hizo kwa macho yake abaki kidogo baada ya chai. Kijana atachomoa kadi hapa mbele yenu, lakini kwanza ataizima mashine kwa utaratibu na kungoja taa ya kijani itulie.