Wanaokesha Penye Nyasi Tupu



Katika kitabu cha Ayubu, Mungu anamwuliza mtumishi wake kama anaujua wakati ambao mbuzi wa milimani huzaa. Ayubu hana jibu. Nasi tungeulizwa leo habari za nungunungu na fisi wapitao nyuma ya mashamba yetu tukiwa tumelala, tungejibu nini?

Mwaka 2010 watafiti walitega kamera 225 katika Hifadhi ya Serengeti, kwenye eneo la kilometa za mraba 1,125. Kamera ya namna hiyo hufungwa mtini au kwenye nguzo, na hupiga picha yenyewe kitu chenye joto kinapopita mbele yake. Nyingine ziliharibiwa na tembo na fisi. Hata hivyo, hadi mwaka 2013 yalikuwa yamepatikana mafungu ya picha milioni 1.2. Nani angeyatazama yote? Walijitolea watu zaidi ya 28,000 wa nchi mbalimbali, wengi wao wasio wataalamu, kila mmoja mbele ya kompyuta yake. Hawakulipwa.

Katika mafungu hayo, yenye wanyama yalikuwa 322,653 tu, yaani kama robo. Mengine yalionyesha nyasi zilizotikiswa na upepo juani. Basi mtu aliyeketi akitumaini kumwona simba alipewa nyasi, kisha nyasi, kisha nyasi tena. Na wajibu wake ulikuwa kusema kweli, kwamba hapa hakuna mnyama. Picha iliwekwa kando watu watano wa kwanza, wasiojuana, walipokubaliana kuwa ni tupu. Palipoonekana mnyama, ilipita machoni pa wengi zaidi. Wataalamu walipoyapima majibu hayo ya pamoja, walikuta karibu 97 katika kila 100 ni sahihi. Hata ile Torati ya kale haikuridhika na shahidi mmoja.

Tena, ndugu zangu, lile neno “hakuna” lina kazi yake. Kwa hilo mtafiti hujua mnyama asipopita. Anayesema “yupo” kwa kuionea haya picha tupu humficha mnyama aliyetoweka.

Makatekista wenzetu, jambo hili tunalijua. Miaka ya nyuma, wakati wa masika, sisi tunaozungumza nanyi tulipeleka parokiani hesabu ya waliohudhuria mafundisho kigangoni. Walikuwa 7. Tuliandika 20, tukijiambia kwamba wengine wamezuiwa na mto, na kwamba si vema kumvunja Padre moyo. Padre alifurahi. Hakutuma mtu kuwatafuta wale 13, maana katika daftari walikuwapo. Mmoja wao, mama mjane, alikuwa kitandani tangu Kwaresima, na tulikuja kupata habari zake baada ya Pentekoste.