Kumpata Meneja Mkuu wa Redio: Mazungumzo ya Afisa Habari mjini Nyashimo



Nimetakiwa nizungumze juu ya namna ya kumpata Meneja Mkuu wa kuongoza vituo vya redio zaidi ya kimoja. Kwetu Visiwani jambo hili tumelipitia, kwani mwaka 2013 Sauti ya Tanzania Zanzibar, iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja, iliunganishwa na Televisheni Zanzibar ya mwaka 1974, likapatikana Shirika moja la Utangazaji, ZBC, chini ya Mkurugenzi Mkuu mmoja. Kuunganisha ofisi hutosha kalamu. Uzito upo katika kumpata wa kuziongoza.

Mara nyingi kamati ya usaili humpima muombaji kwa sauti yake. Alikuwa akisoma habari vizuri, basi apewe! Lakini meneja hasomi habari. Yeye ndiye anayepaswa kujua leseni ya TCRA inamalizika lini, umeme wa mtambo utalipwa kwa fungu gani, na mwandishi aliyekwenda Lamadi kwa bodaboda atapata ujira wake siku gani. Mwandishi asiyelipwa na redio hulipwa na yule anayemwandika.

Jambo ninaloomba mlizingatie zaidi ni mipaka ya saini. Ndugu Tido Mhando, aliyekuwa mkuu wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, alirejea nchini mwaka 2006 kuongoza utangazaji wa Taifa, akabaki TBC hadi mwaka 2010. Januari 2018 alifikishwa mahakamani kwa mikataba ya mwaka 2008 iliyodaiwa kusainiwa bila ya kutangazwa zabuni. Mahakama ya Kisutu ilimwachia huru Januari 2019. Simtaji kwa kumtia doa, kwani hakupatikana na hatia. Ila ikiwa bingwa wa daraja lile ameulizwa habari ya saini zake baada ya miaka kumi, itakuwaje kwa kijana mtakayemwajiri ninyi, iwapo barua yake ya ajira haielezi asaini peke yake mpaka kiasi gani, na zaidi ya hapo apeleke Bodi? Iandikwe kabla hajaripoti kazini.

Iandikwe pia kuwa Bodi ndiyo inayomwajiri na kumwachisha, si mkubwa aliyekasirishwa na taarifa ya habari ya jioni. Nayasema haya hali mimi mwenyewe ni mtumishi wa Serikali.

Habari za Taifa mnazipata kwengine, na Radio Free Africa ya Mwanza mnaisikia. Redio yenu itafaa kwa yale yanayowahusu ninyi: bei ya dagaa, pamba, na tembo wanaotoka Serengeti. Basi muombaji aulizwe katika usaili: tembo wakiingia mashambani saa nane ya usiku, ni nani atakayekwenda kufungua studio?