MAZUNGUMZO KUHUSU VIPIMO VIKUUKUU VYA REDIO



Mita za volti za valvu za Heathkit kutoka Marekani ziliuzwa kwa wapenzi wa redio zikiwa vipande, na wanunuzi waliziunganisha wenyewe. Hivyo, atakayenunua iliyokwishatumika asiharakie kulaumu valvu. Atazame kwanza viungo vya lehemu, kisha betri ya kupimia ukinzani, ambayo huvuja na kula vyuma vinavyoishika.

Kubwa zaidi ni umeme. Mita iliyotengenezwa kwa volti 120 ikichomekwa kwenye volti 230 bila transfoma ya kupunguza, huungua. Na hata ikishachomolewa, kapasita zake huweza kubaki na umeme wa kudhuru. Umeme huo utolewe kwa rezista. Desturi ya baadhi ya mafundi wetu kugusisha bisibisi iachwe.